Oxford au Cambridge? Siku moja, familia nzima, na mvua ya Uingereza

Likizo ya Agosti ikikaribia, magrupu ya familia ya WhatsApp hapa Nairobi huanza kuchemka. Kuna aliyepata viza, kuna anayekwenda mahafali ya mpwa wake, kuna shosho anayepelekwa kuona wajukuu waliozaliwa Reading. Wakishamaliza kupanga London, hubaki siku moja, na hapo mtu huuliza: tuwapeleke watoto Oxford au Cambridge?

Wengi hujibu "popote tu, yote ni miji ya vyuo vya zamani". Sikubaliani nao. Miji hii hufanana kwenye picha, lakini siku ya familia katika kila mmoja ni tofauti kabisa. Oxford ni mji wa kuingia ndani: makumbusho, kumbi, ngazi, masoko. Cambridge uzuri wake uko nje, na sehemu bora ya kuutazama ni mtoni. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtafanya nini mvua ikinyesha, mtoto wa miaka mitano atachoka saa ngapi, na shosho ataketi wapi.

Mpwa wangu mmoja hakosi kuuliza, "Auntie, si tuzipige zote mbili?" Hapana, mwanangu. Reli iliyounganisha miji hii moja kwa moja ilifungwa mwishoni mwa 1967. Inajengwa upya kwa vipande, na kwa sasa anayetaka treni kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa kawaida hurudi London kwanza. Mtakachoona siku hiyo ni mabehewa.

Kwanza, mmefikia kwa nani?

Oxford iko kaskazini-magharibi mwa London na Cambridge iko kaskazini, kila mmoja kilomita 90 hivi. Kwenye ramani ni sare. Lakini jamaa zetu hawakai kwenye kasri la Buckingham, katikati ya London. Kama mwenyeji wenu yuko Reading, treni ya moja kwa moja hadi Oxford ni karibu nusu saa, ilhali Cambridge mtalazimika kuivuka London nzima na kigari cha mtoto. Kama yuko Ilford au Stratford, kituo cha Liverpool Street kiko karibu, na treni zake hufika Cambridge kwa saa moja na robo hivi. Wa kusini mwa London wana treni za Thameslink zinazopita katikati ya jiji hadi Cambridge bila kubadilisha.

Kwa waliofikia London ya katikati, Oxford ni kupandia Paddington, karibu saa moja, au Marylebone, muda unaozidi hapo kidogo. Cambridge ni kupandia King's Cross, na treni ya haraka huchukua dakika 50 hivi. Kwa saa Cambridge imeshinda, lakini kwa miguu imeshindwa, maana stesheni yake iko mbali na mji wa kale. Ni dakika 20 hadi 25 za kutembea kwa mtu mzima asiyeshika mkono wa mtu, na njiani hakuna la maana la kuonyesha watoto. Pandeni basi. Oxford, dakika 10 hadi 15 kutoka kwenye behewa mko katikati ya mji.

Oxford ina njia nyingine pia: mabasi ya Oxford Tube kutoka Victoria, yanayotembea mchana na usiku. Barabara ikiwa nzuri ni kama saa moja na dakika 40, na mara nyingi nauli yake ni nafuu kuliko tiketi ya treni inayonunuliwa siku ileile. Kuna foleni ya kutoka London, lakini aliyezoea Mombasa Road saa kumi na moja jioni ataiona ya kawaida.

Kuhusu treni, watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Mwulizeni mwenyeji kama ana ile kadi ya punguzo ya Family & Friends Railcard. Inachukua hadi watu wazima 4 na watoto 4 kwa safari moja. Wakubwa hupunguziwa theluthi na watoto asilimia 60. Lazima mwenye kadi awe nanyi safarini na mtoto mmoja angalau awepo, na asubuhi za siku za kazi ina masharti. Kwa familia ya Nairobi, ambayo haiwezi kusafiri bila shangazi wawili wa ziada, kadi hiyo ni pesa.

Chuo chenyewe kiko wapi?

Swali hili mtaulizwa na watoto kila baada ya nusu saa, kwa hiyo liwekeni sawa mapema. Mtoto aliyezoea kupita University Way kwa matatu anajua chuo kikuu ni ua mmoja wenye geti na walinzi. Oxford na Cambridge hazina geti hilo. Kila kimoja ni muungano wa vyuo vidogo zaidi ya 30, kila chuo na ukumbi wake wa kulia, bustani yake na ukuta wake, na vingi vina kanisa pia. Mwanafunzi hula na hulala chuoni kwake na hufundishwa humo akiwa na wenzake wachache tu mbele ya mwalimu. Mihadhara, maabara na mitihani ni ya chuo kikuu kizima. Kwa mgeni maana yake ni kwamba hakuna tiketi moja ya "kuona Oxford". Unalipa chuo hiki, unachungulia kile bure getini, kingine kimefungwa leo.

Na nyasi hazikanyagwi. Mtoto wa Gredi ya 2 aliyekaa kwenye treni saa nzima akiona uwanja wa kijani uliokatwa sawasawa atakimbia tu, na pale Christ Church kuna wazee wenye kofia nyeusi za duara ambao kazi yao ni pamoja na kumrudisha. Wana adabu, lakini hawana mzaha.

Historia yenyewe watoto huipenda ikisimuliwa kama ugomvi, na kweli ulikuwa ugomvi. Mafundisho Oxford yalikuwepo kufikia 1096, na yalikua haraka baada ya 1167, mfalme Henry wa Pili alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa mjini, wenyeji wakawanyonga wanafunzi kwa kisa hicho, na wasomi wakatawanyika. Waliokimbilia Cambridge ndio walioanzisha chuo kikuu cha pili. Miaka mia nane baadaye bado wanashindana kwa makasia.

Oxford: mvua haiharibu siku

Nikiwa na watoto wa chini ya miaka kumi, sababu moja inanitosha kuchagua Oxford: makumbusho matatu makubwa ya bure, yote ya kufikika kwa miguu.

Anzeni na makumbusho ya historia ya asili, jengo la 1860 lenye paa la kioo na nguzo za chuma. Humo kuna mabaki ya dodo, yule ndege wa Mauritius asiyeruka aliyetoweka baada ya mabaharia kufika kisiwani kwake, na kuna taya la Megalosaurus, dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi, mwaka 1824. Watoto hulikimbilia sanamu la T. rex, kisha hurudi kwa dodo wenyewe.

Mwisho wa ukumbi huo kuna mlango, na nyuma yake ni Pitt Rivers, iliyoanzishwa 1884. Hapa taa ni hafifu na makabati yamebanana. Vitu havikupangwa kwa nchi bali kwa aina: ngoma zote za dunia pamoja, mitego yote pamoja, mashua zimening'inia juu. Chini ya makabati mengine kuna droo ambazo mtoto anaruhusiwa kuvuta, na ndani yake kuna vitu zaidi chini ya kioo. Mtaona kibao kilichoandikwa kwa mkono mdogo sana, na mtoto atauliza: hii ya Kenya ilifikaje huku? Msilikwepe swali. Katika miaka ya karibuni ujumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania umefika hapo zaidi ya mara moja kuzungumza na wasimamizi kuhusu vitu vya jamii yao ambavyo havikupaswa kuondoka nyumbani, na vichwa vya binadamu vilivyokaushwa, ambavyo vilikuwa kivutio kikuu, viliondolewa kwenye maonyesho mwaka 2020. Kwa kijana wa sekondari, saa moja ndani ya Pitt Rivers ina somo kuliko ziara nzima ya makanisa. Jumatatu kwa kawaida hufunguliwa saa sita mchana, kwa hiyo msifike mapema.

La tatu ni Ashmolean, lililofunguliwa 1683, la kwanza la umma Uingereza. Zuri mno, lakini na watoto wadogo chagueni chumba cha maiti za Misri mtoke.

Cha kulipia ni Christ Church. Ngazi za kuelekea ukumbi wa chakula zilitumika katika filamu za Harry Potter, na ukumbi wenyewe ndio uliowapa watengenezaji mfano wa ule wa studio. Mtoto anayezijua filamu hizo hatawasamehe mkipita bila kuingia. Kateni tiketi mtandaoni mapema, na mwangalie saa, maana ukumbi mara nyingi hufungwa mchana wanachuo wakila. Asiyejali Harry Potter ataona bei ni kubwa kwa meza na picha za wazee ukutani, na kwa kweli ana hoja.

Shosho wa kanisa la Anglikana (ACK) mpelekeni Broad Street. Katikati ya barabara, mbele ya chuo cha Balliol, kuna msalaba uliopangwa kwa mawe kwenye lami, na baiskeli hupita juu yake. Hapo ndipo walipochomwa maaskofu Latimer na Ridley mwaka 1555, na Thomas Cranmer mwaka uliofuata. Cranmer ndiye aliyeongoza kutungwa kwa Kitabu cha Sala cha 1549, mzizi wa sala ambazo shosho anazijua kwa moyo. Wote watatu walisoma Cambridge. Cambridge iliwasomesha, Oxford ikawachoma.

Cambridge: ngojeni jua

Jua likiwaka mambo hugeuka. Mto Cam hupita nyuma ya vyuo vikubwa, bustani zao zikiteremka hadi majini, na mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo hupita kimyakimya chini ya madaraja. Safari ya kuongozwa huchukua kama dakika 45, na ndani ya muda huo mtakuwa mmeona St John's, Trinity, King's na lile daraja la mbao la Queens' la 1749, linalodaiwa kujengwa na Newton bila msumari. Newton alikufa 1727, lakini nahodha atawasimulia hata hivyo. Shosho ameketi kwenye mto laini na blanketi magotini, mtoto ameketi, kigari kimebaki ukingoni. Oxford pia ina mashua hizi, pale daraja la Magdalen, lakini huko mto hupita pembeni mwa mji, miti mingi na majumba machache.

Kukodi na kusukuma wenyewe ni nafuu zaidi mkiwa wengi. Wa Lamu na Mombasa wataona ni mchezo, ila waangalie: upondo hunasa kwenye tope, na anayeung'ang'ania huachwa nao mashua ikiendelea. Cambridge husimama juu ya sitaha ya nyuma, Oxford husimama ndani upande wa pili, na kila mji unaamini mwenzake amekosea. Mjini pia kuna vijana wa kuuza tiketi za mashua wanaokufuata barabarani kama makanga wa Odeon. Nunueni mtandaoni au kwenye kituo chenyewe.

Baada ya mto, kanisa la King's College. Ujenzi wake ulianza 1446 na ukakamilika 1515, na dari lake la mawe, lililochanua mbavu kama pepeo, ndilo kubwa zaidi duniani la aina yake. Ni la kulipia. Lakini wakati wa muhula, ibada ya jioni ni bure kwa yeyote, na kwaya yake ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi ulimwenguni. Agosti kwaya hiyo iko likizo, wakati Christ Church kule Oxford, ambayo ndani ya kuta zake mna kanisa kuu la dayosisi, hukaribisha kwaya za wageni. Kwa hiyo, kwa mshangao wa wengi, anayetaka kusikia ibada ikiimbwa Agosti ana bahati zaidi Oxford.

Vya bure vya Cambridge ni vidogo lakini vina ladha. Kwenye kona ya Bene't Street, mkabala na King's, kuna saa isiyo na mishale iliyozinduliwa 2008 na Stephen Hawking. Ni sahani ya dhahabu yenye mianya inayowaka taa za buluu, na juu yake mdudu mkubwa kama panzi, anafungua taya na kumeza dakika. Wakati mwingine hupepesa macho. Watoto hukwama hapo. Hatua chache kutoka hapo, nje ya geti la Trinity, kuna mti mdogo wa tofaa wa ukoo wa ule wa nyumbani kwa Newton, na juu ya geti sanamu ya mfalme Henry wa Nane ameshika mguu wa kiti badala ya fimbo ya kifalme, mzaha wa wanafunzi ambao hakuna aliyeurekebisha. Hayo yote hayahitaji tiketi hata moja.

Mvua ikiwakuta, kimbilieni makumbusho ya Sedgwick, yenye mifupa ya kiboko. Si wa Naivasha. Alichimbwa Barrington, kijiji cha jirani, na aliishi huko takriban miaka 125,000 iliyopita, Uingereza ilipokuwa na joto la kutosha viboko. Jirani yake, makumbusho ya zoolojia yana mifupa ya nyangumi ya karibu mita 20 iliyoning'inizwa mlangoni. Ni mahali pazuri, lakini ni pa saa mbili, si pa siku nzima. Zoolojia na Fitzwilliam, makumbusho ya sanaa, kwa kawaida hufungwa Jumatatu.

Mkiwa na kijana anayewazia masomo

Kwanza sheria ambayo wazazi wengi hawaijui: kwa shahada ya kwanza, mwanafunzi haruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Lazima achague, na maombi hufungwa 15 Oktoba, mapema kuliko vyuo vingi vya Uingereza. Kwa hiyo ziara ya Agosti inaweza kuwa na kazi kweli, na hapo msichague kwa mashua. Mpelekeni kwenye mji anaoufikiria.

Wetu wamepita pote. Tom Mboya, huyo wa sanamu ya Moi Avenue, alisoma Ruskin College mjini Oxford mwaka 1955 na 1956, na Ali Mazrui wa Mombasa alipata udaktari wake Oxford 1966. John Mbiti wa Kitui aliupata wake Cambridge 1963, na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alisoma St John's. Oxford kuna pia Cecil Rhodes, yule bepari wa Kiingereza aliyeongoza ukoloni kusini mwa Afrika: sanamu yake iko juu ya ukuta wa chuo cha Oriel, inaangalia High Street. Waandamanaji walidai aondolewe, na mwaka 2021 chuo kikaamua kumwacha. Hadi leo Wakenya huenda Oxford kwa ufadhili wenye jina lake. Simameni mwende polepole hapo. Kijana ana maoni yake.

Mpenzi wa riadha ana sababu ya ziada ya kwenda Oxford. Mkishavuka daraja la Magdalen, Iffley Road, kuna uwanja ambao Roger Bannister alikimbia maili kwa 3:59.4 tarehe 6 Mei 1954, wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Faith Kipyegon alipojaribu kuwa mwanamke wa kwanza, Paris, Juni 2025, alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Binti anayekimbia shuleni ataelewa vizuri sekunde hizo ni nyingi au chache kiasi gani akiwa amesimama hapo.

Chakula

Fungeni chapati na mayai ya kuchemsha, kwa sababu kulisha watu wanane hotelini kwa pauni ni kilio. Oxford mna Christ Church Meadow, bure, na Covered Market ya tangu 1774 kwa vidakuzi vya moto. Cambridge mna Parker's Piece, uwanja ambako kanuni za awali za soka zilichezewa, kwa hiyo bebeni mpira. Na msishangae kuona ng'ombe wakila nyasi Midsummer Common katikati ya mji. Sisi na wao ni kitu kimoja.

Kalenda yetu, kalenda yao

Agosti miji yote miwili imejaa watalii lakini vyuo viko wazi na jua huzama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo hamna haraka. Tabiri ya hali ya hewa itazameni usiku wa kuamkia safari: jua, Cambridge; mawingu mazito, Oxford; mkiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, Oxford bila kujali mawingu.

Likizo ya Aprili ina mtego. Kuanzia katikati ya mwezi huo hadi Juni vyuo vingi vya Cambridge hufungia wageni kwa sababu ya mitihani, na mtatazama mageti. Oxford pia hubana, ila makumbusho yake hayana mitihani.

Desemba giza huingia saa kumi kasoro alasiri, na mto ni baridi tupu. Wapo wanaokwenda Cambridge mkesha wa Krismasi kwa ajili ya ibada ya nyimbo ya King's, iliyoanza 1918 na ambayo BBC imekuwa ikiirusha redioni tangu 1928. Ni ndoto ya mashosho wengi, lakini kupata nafasi ndani ni kazi. Isikilizeni redioni mkiwa nyumbani kwa mwenyeji, na siku nyingine mwende Oxford kwa treni ya saa tatu asubuhi.